Mungu wa jirani aliyeunguliwa

Katika makanisa mengi ya Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ibada haijachangamka mpaka mwongozaji apaze sauti, "Mungu ni mwema!", na watu waitikie, "Wakati wote!" Kisha anageuza, "Na wakati wote?", nasi tunamalizia, "Mungu ni mwema!" Nimeitikia hivyo tangu nilipokuwa mtoto wa shule ya Jumapili, na bado naitikia kwa moyo wangu wote. Ninaloandika leo linahusu saa inayofuata, saa ya ushuhuda. Hapo ndipo ninapoona tunamwumiza mtu aliyekaa katikati yetu, na nadhani tunamsingizia Mungu pia.

Chukua mlipuko wa volkano yetu, Nyiragongo, wa mwaka 2021. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, mlima ulipasuka ubavuni, anga likawa jekundu juu ya mji mzima. Lava ilishuka upande wa kusini, ikafunika nyumba na mashamba ya wilaya ya Nyiragongo, ikafika Buhene, mlangoni kabisa mwa Goma, ikasimama bila kufika uwanja wa ndege. Watu wapatao 30 walikufa. Siku tano baadaye, kwa kuhofia kwamba mlipuko mwingine ungefuata chini ya mji au chini ya ziwa Kivu, serikali ikaamuru kartie (mitaa) 10 zihame. Watu wakamiminika barabarani usiku kwa usiku: wengine Sake, wengine Minova, wengine Rutshuru, wengine ng'ambo ya mpaka, Gisenyi nchini Rwanda. Tuliporudi na makanisa yakafunguliwa, ushuhuda ulikuwa mmoja katika vinywa vingi. Moto ulifika mpaka kwa jirani. Tuliomba. Ukasimama. Mungu ni mwema! Na kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Katika benchi la nyuma alikuwapo mama mmoja wa Buhene. Nyumba yake ilikuwa chini ya jiwe jeusi ambalo bado lilikuwa linafuka mvuke kila mvua inaponyesha. Mama huyu alipiga makofi kama sisi. Usiku ule alikuwa ameomba pia, kwa Mungu huyohuyo, kwa jina lilelile la Yesu, na watoto wakiwa wamemshika kitenge. Katika ushuhuda wetu wote yeye alikuwamo, ila hatukumtaja: yeye ndiye jirani. Moto ulifika mpaka kwake.

Sisemi watu wasishukuru. Nyumba ikisalimika, mshukuru Mungu, na upige vigelegele mpaka koo likauke. Shida iko kwenye ile "kwa hiyo" tunayoiweka katikati bila kuisema: nyumba yangu imebaki, kwa hiyo Mungu ni mwema. Anayesikia hivyo akiwa hana nyumba anamalizia hesabu mwenyewe. Ama Mungu hakuwa mwema kwangu, ama mimi sikuomba vizuri. Sijawahi kumsikia mhubiri akilitamka jambo hilo wazi mimbarani, lakini nimewaona watu wakilibeba nyumbani.

Na huu ni mji ambao hesabu hiyo haiwezi kusimama ndani yake hata mwaka mmoja. Tunaishi chini ya mlima wenye moto na kando ya ziwa lenye gesi. Nyiragongo ilimwaga lava tarehe 10 Januari 1977, na miaka 25 baadaye, tarehe 17 Januari 2002, ikamwaga tena. Ile ya 2002 ilipita katikati ya mji, kwenye maduka na nyumba, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaenda kuingia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia. Waliokuwa wakubwa wakati ule wanakumbuka kwamba kanisa kuu la Kikatoliki, la Mtakatifu Yosefu, liliteketea. Kuta zake tupu zilibaki zimesimama juu ya lava miaka mingi, nasi tukipita pale tukienda sokoni. Nyumba ya Mungu yenyewe haikuponyoka, na mahali pengine ambapo hapakuwa na sala hata moja paliponyoka. Mtu aliyepita mbele ya kuta zile kila siku anajua kwamba lava haifuati orodha ya waumini.

Kuna na mazuku. Upande wa Keshero na Mugunga, kuelekea Sake, yako mabonde madogo ambamo hewa nzito ya kaboni hukusanyika ikitoka ardhini. Haina rangi wala harufu. Mbuzi huteremka kufuata majani mabichi asipande tena, na mara nyingine ni mtoto aliyetumwa kumfuata mbuzi. Watu wa pale wanayajua mashimo yao, wanawaonya watoto, na bado.

Halafu ziwa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa imebakiza kidogo tu kutia nanga katika bandari ya Kituku. Ilikuwa imejaa kupita kiasi kwa sababu barabara ilikuwa imekatwa na vita na watu hawakuwa na njia nyingine ya kuleta mazao yao na miili yao mjini. Jamaa zao walikuwa wamesimama ufukweni wakingoja kuwapokea. Wengine waliogelea wakafika, wengine walivutwa na wavuvi. Wengi hawakufika. Wote walikuwa wakiomba, hilo sihitaji mtu anithibitishie. Mtu yeyote wa Kivu aliyewahi kupanda boti wakati wa upepo anajua jinsi boti nzima inavyogeuka kuwa kanisa.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji. Sitavieleza hapa, waliokuwapo hawahitaji maelezo yangu, na wasiokuwapo wamesoma. Umoja wa Mataifa ulizungumzia waliokufa zaidi ya 2,000 katika siku chache, na vijana wa Msalaba Mwekundu walizunguka wakiokota miili. Umeme ulikatika, mabomba yakakauka, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Katika nyumba moja risasi ilipita juu ya kitanda, mtoto akaendelea kulala. Katika nyumba nyingine haikupita juu.

Sasa niambie ni nyumba ipi kati ya hizo mbili inayoruhusiwa kuitikia "Wakati wote".

Nimeitafuta Biblia kwa jambo hili kwa miaka, na sura inayonirudia mara nyingi ni Matendo ya Mitume 12. Tunaipenda kwa sababu ya Petro. Amelala gerezani katikati ya askari wawili, amefungwa minyororo miwili, kanisa linamwombea kwa juhudi, malaika anaingia, minyororo inadondoka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Nimeisikia ikihubiriwa mara nyingi, na kila mara mhubiri anaanzia kwa Petro. Lakini sura haianzi kwa Petro. Inaanza kwa Herode kumwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Luka anayamaliza maisha ya Yakobo kwa sentensi moja, anasonga mbele. Hasemi kwamba kanisa lilimwombea Petro zaidi. Hasemi kwamba Yakobo alikuwa na dhambi iliyofichika. Ni mfalme mmoja, mji mmoja, majuma yaleyale: mmoja akachinjwa, mwingine akafunguliwa.

Mimi ni mama, kwa hiyo nikiisoma sura ile namtafuta mama. Yakobo alikuwa na mama. Ndiye yule aliyemwendea Yesu akaomba wanawe wawili waketi katika ufalme wake, mmoja kuumeni, mmoja kushoto. Tuseme alikuwa bado hai. Tuseme usiku ule alikuwa nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, pamoja na wale waliokusanyika kuomba. Petro anabisha lango. Yule mtumishi, Roda, anaitambua sauti yake, na kwa furaha anasahau hata kumfungulia, anakimbia ndani kutoa habari. Furaha hiyo ni ya haki, Maandiko hayamkemei. Lakini ndani ya chumba kile, kama mama yake Yakobo alikuwapo, alisikia kwamba mlango wa gereza ulifunguka kwa ajili ya mwana wa mwenzake. Ningependa sana kujua kama kuna mtu aliyeacha kumkumbatia Petro kidogo, akaenda kukaa karibu naye.

Yesu mwenyewe aliletewa habari za namna hii. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, na watu walikuwa wameshaanza kupiga hesabu kama yetu. Akawauliza kama wanadhani wale 18 walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wote wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe: sivyo. Hakueleza kwa nini mnara ulianguka. Aliwakataza tu kuutumia mnara kupima watu, kisha akawageuzia wao wenyewe wito wa kutubu. Na mwandishi wa Waebrania, katika ile sura ya 11 tunayoisoma kwenye semina za imani, anataja waliookoka makali ya upanga, halafu aya chache mbele anataja waliouawa kwa upanga, na wote anawaweka katika orodha moja ya watu wa imani, bila kuwatenganisha kwa mstari.

Basi tunaposema Mungu habadiliki, tunasema nini? Malaki anamnukuu Mungu akisema kwamba yeye hana kigeugeu na kwamba ndiyo sababu wana wa Yakobo hawajaangamizwa. Waraka wa Yakobo unamwita Baba wa mianga, ambaye kwake hakuna kubadilika. Nionavyo mimi, maandiko hayo yanazungumza juu ya Mungu mwenyewe. Hayazungumzi juu ya ukuta wangu. Zaburi ya 46 inajulikana sana kwetu: hatutaogopa ijapobadilika nchi, ijapotetemeka milima. Kwa msomaji wa mahali pengine hayo ni maneno ya mashairi. Baada ya mlipuko wa 2021 ardhi ya Goma ilitetemeka usiku na mchana kwa siku nyingi, nyufa zikafunguka barabarani, kuta zikapasuka huku na Gisenyi, watu wakalala nje. Tuliisoma zaburi ile tukiwa tumeketi juu ya nchi inayobadilika kwelikweli, na tukaona kitu ambacho pengine hatukuwa tumekiona: haiahidi kwamba mlima utatulia. Inamtaja Mungu kuwa kimbilio na msaada katika mateso, mlima ukiwa bado unatetemeka.

Kama wema wake ungekuwa ni uzima wa ukuta, ungekuwa umepasuka mwaka ule pamoja na kuta. Kwa kuwa ni tabia yake yeye, na kwa kuwa alikuwa hivyo kabla ya kuwapo mlima na kabla ya kuwapo Goma, basi hata mama wa Buhene anaweza kuushika. Anaushika akiwa na mikono mitupu, jambo ambalo wengi wetu tuliobaki na nyumba hatujawahi kulijaribu.

Lakini imani yangu haisimami kwenye hoja hiyo peke yake, maana hoja hailishi mtu saa tisa ya usiku. Inasimama kwa Yesu katika Gethsemane. Aliomba, na aliomba vizuri. Hakuna mchungaji atakayethubutu kusema hakuwa na imani ya kutosha. Alianguka kifudifudi, akasihi kikombe kimwepuke, akarudia mara tatu. Kikombe hakikumwepuka. Moto haukusimama. Ukiuchukua ushuhuda wetu wa kawaida wa Goma ukauliza Yesu yuko upande gani, utamkuta kwa jirani. Yeye ndiye ambaye moto ulifika mpaka kwake. Paulo anasema Mungu hakumwachilia Mwana wake mwenyewe, na mimi sina mahali pengine pa kuujua wema wa Mungu kwa uhakika isipokuwa hapo, kwa Baba ambaye Mwana wake hakuponyoka, na ambaye siku ya tatu alimfufua akiwa bado na alama za misumari mikononi. Toka pale naweza kumtazama mama wa Buhene usoni na kusema Mungu ni mwema, naye hatalazimika kuinamisha macho.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niseme kwa sauti kwamba wema huu nao haubadiliki. Nyakati za mashaka huleta biashara. Tangu mlipuko wa mwisho, na zaidi tangu vita, vyumba vya maombi vimeongezeka katika kila avenyu, na mengi yanayofanyika humo ni mema: watu wanaomba, wanafarijiana, wanakesha. Ila viko vingine ambamo ulinzi una bei. Mafuta ya kupaka mlangoni. Maji ya kunyunyiza uani. Mbegu ya dola kumi kwa mtu ambaye hajala tangu jana, na ya dola hamsini kwa mwenye mtoto aliyepotea. Nabii anatangaza kwamba mlima utapasuka, halafu anatangaza kwamba ameuzuia. Mama mmoja muuza makala (mkaa) alinieleza jinsi alivyouza gunia lake la mwisho ili apeleke sadaka ya kinga. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa na hofu, na mtu alikuwa amemwambia kwamba moyo wa Mungu unageuka kwa noti.

Hiyo ndiyo tabia ya wakubwa tuliowazoea. Ukienda ofisini unajua kwamba uso wa mkubwa leo si uso wake wa jana, na kwamba usipotoa kitu faili haitembei. Kizuizini barabarani ni hivyohivyo. Tumeishi na watu wenye kigeugeu mpaka tukadhani Mungu naye ana bei inayopanda na kushuka kama dola sokoni Virunga. Asiyebadilika hahongeki. Mama yule angeweza kubaki na gunia lake, akalipia watoto chakula, akaomba bure, na asingekuwa amepungukiwa na chochote mbele za Mungu. Namsihi kila mchungaji anayesoma haya awaambie watu wake hivyo, waziwazi, Jumapili hii.

Niseme pia nilichokiona katika zile siku za mwisho wa Januari, ingawa naogopa kukifanya kionekane kama jibu. Mabomba yalipokauka tulishuka ziwani na bidoni (madumu). Njia ilikuwa ya hatari, na maji ya ziwa hayanyweki hivihivi. Mji huu haujasahau kipindupindu cha mwaka 1994, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipokufa kwa makumi ya maelfu na jiwe la lava likakataa hata kuchimbika kaburi. Jirani yetu mmoja, Mwislamu, alikuwa na tangi la maji ya mvua. Alifungua geti lake, akasimama pale na mke wake wakigawa, kila nyumba bidoni moja, wenye watoto wachanga kwanza. Hakuuliza mtu dini. Mama mwingine alipika sombe (kisamvu) na maharagi kwenye sufuria ya matanga, ile kubwa ya kukodisha, akaita watoto wa avenyu nzima wale kabla ya giza. Watu walifungua nyumba kwa waliotoka kambi za wakimbizi, na wao wenyewe walikuwa wamelala chini ya vitanda.

Zaburi ya 136 inarudia mara 26 kwamba fadhili zake ni za milele. Inapita kwenye mambo makubwa, mbingu, bahari, wafalme, na karibu na mwisho kabisa inafika hapa: awapaye chakula wote wenye mwili. Niliielewa aya hiyo nikiwa mbele ya sufuria ile. Hata hivyo sitakubali mtu aniambie kwamba vita vililetwa ili tujifunze kugawana maji. Wapo wanaohubiri hivyo, kama wanavyopenda kuhubiri kwamba lava iliyochoma nyumba ndiyo hiyohiyo tunayoichonga mawe ya kujengea nyumba mpya. Kuhusu mawe ni kweli, Goma nzima imejengwa kwa mawe hayo meusi, na udongo wa volkano huzaa sana baada ya muda. Lakini mama aliyezika mtoto hajengi kitu kwa kifo chake, na tusimtake ajenge. Uovu ni uovu. Nilichokiona kwenye tangi lile ni kwamba uovu haukuweza kuufukuza wema nje ya avenyu yetu. Hilo lilinitosha kwa siku ile, na kesho yake nilihitaji lingine.

Katika kikundi chetu cha wamama wa kanisa, tunaokutana Jumatano, tumekuwa tukisoma Maombolezo. Wengine walisita mwanzoni, wakasema kwa nini tujiongezee machozi. Kitabu hiki kinahusu mji ulioanguka: Yerusalemu baada ya Wababeli kuuteketeza pamoja na hekalu, zaidi ya miaka 580 kabla ya Kristo. Watoto wachanga wanazimia njiani. Wanawauliza mama zao chakula kiko wapi. Wazee wameketi chini kimya. Tulipofika hapo mama mmoja alisema polepole, "Huyu aliandika akituona sisi," na hakuna aliyembishia.

Watu wengi wanakijua kitabu hiki kwa aya mbili tu, zile zinazoandikwa kwenye kalenda: "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu." Ni aya nzuri kupita kiasi, na nimezishika nikiwa gizani. Ila ziko katika sura ya 3, aya ya 22 na 23, katikati ya kitabu. Kuzifikia ni lazima upite kwa mtu anayesema Mungu amemketisha gizani, ameizuia sala yake isipite, amezifunga njia zake kwa mawe yaliyochongwa. Ukizipita unaendelea na kulia sura mbili zaidi. Na kitabu hakiishii kwa ushindi. Kinaishia kwa kumwuliza Mungu kama amewakataa kabisa. Hakuna aya ya kufuta machozi baada ya hapo, ukurasa unakwisha.

Mimi naliona jambo hilo kuwa zawadi. Aliyeandika kwamba rehema ni mpya kila asubuhi hakuwa ametoka kwenye shida. Moshi ulikuwa bado unapanda. Na yuleyule aliyeamini hivyo aliruhusiwa kuuliza swali zito, na swali lake likaingizwa katika Maandiko Matakatifu ili tulisome kwa sauti kanisani. Kumwamini Mungu mwema na kumlilia kwa uchungu si watu wawili tofauti. Ni mtu mmoja, katika kitabu kimoja. Kwetu mara nyingi tunawatenganisha: wanaolia tunawapeleka pembeni wafarijiwe, wanaoshangilia tunawapa kipaza sauti.

Kijana mmoja wa korali aliniuliza, "Mama, kama Mungu habadiliki, maombi ni ya kazi gani? Si atafanya alichokwisha kukusudia?" Nilimjibu kwamba mimi naona kinyume. Kwa asiyebadilika ndiko ninakoweza kurudi. Nikienda kwake leo na furaha na kesho na hasira, nitamkuta yuleyule, na mlango ni uleule. Kwa mwenye kigeugeu ningechagua maneno. Ningeogopa kumwambia kwamba nimechoka, kwamba silali, kwamba simwelewi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wangu na inaishia gizani, na mwenye kuiomba hakufukuzwa. Kijana alitikisa kichwa, akasema atafikiri. Sijui kama nilimridhisha, na sikutaka kumfunga mdomo kwa jibu.

Sasa tumeweka utaratibu kuhusu ushuhuda katika kikundi chetu, na ningependa makanisa mengine yaufikirie. Anayetaka kushukuru kwa kuponyoka anakaribishwa kwa mikono miwili. Lakini akisema "moto ulifika mpaka kwa jirani" au "risasi zilipiga nyumba ya pili", anaulizwa: huyo jirani ni nani? Yuko wapi sasa? Analala kwa nani? Asipojua, ushuhuda wake unangoja mpaka akaulize. Mwanzoni iliwashangaza watu. Kuna waliokasirika, wakasema tunazima Roho. Lakini wengi wamekwenda wakauliza, na wakirudi ushuhuda wao unakuwa mrefu zaidi na wa kweli zaidi, kwa sababu ndani yake wamo watu wawili.

Jumatano iliyopita walisimama wamama wawili pamoja. Mmoja, mwanae alipotea tangu siku za vita, akapatikana mzima. Mwingine, mwanae hajapatikana mpaka leo. Walikubaliana wenyewe wasimame pamoja, hatukuwapanga. Wa kwanza aliposhukuru, alimwachia wa pili aseme, naye akasema Mungu ni mwema na kwamba anamtaka mtoto wake. Alisema yote mawili kwa pumzi moja. Tuliitikia "Wakati wote", tukamlilia Mungu pamoja naye kwa muda mrefu, tukamwekea mikono. Kisha tukachanga unga, maharagi, makala na sabuni, na nauli ya pikipiki ili mmoja wetu amsindikize Ijumaa mpaka Sake, ambako kuna mtu anasema alimwona kijana wa umri ule.